Wimbo wa tatu, upande B

Kila albamu kubwa ikitoka siku hizi mambo ni yale yale. Inaachiwa saa sita usiku, kufika asubuhi nyimbo zote kumi na ngapi sijui ziko kwenye chati, mchana watu wameshaanza kuandika kwamba singo imekufa, kwamba sasa hivi kila wimbo ni singo, na kwamba habari za "wimbo mkali ambao haukutolewa" ni stori za watu wa kaseti. Nimeisoma hoja hii mara nyingi mpaka nimeona niijibu, maana watu wameona kitu cha kweli ila wamekisoma vibaya. Ni kweli nyimbo zote zinapatikana siku moja. Lakini chukua albamu ya nyimbo kumi na saba, nenda wimbo wa kumi na mbili, hauna video, haujapelekwa redioni, msanii mwenyewe hajaupostia hata kipande, wiki ya tatu ukicheki namba zake na namba za ule wenye video unaona wazi kabisa wimbo mmoja umetolewa na mwingine upo upo tu. Hiyo tofauti ndo singo yenyewe, haijaenda popote. Mi nachoamini ni hiki: singo ipo, na wimbo wa ndani ya albamu upo, kilichohama ni nani anachagua na anachagua lini. Zamani lebo ilichagua kabla albamu haijatoka, leo wasikilizaji na pleilisti wanachagua baada ya kutoka, na sisi huku Afrika Mashariki mabadiliko hayo yametugharimu kitu ambacho bado hatujakihesabu.

Tuanze na neno lenyewe maana tunalitumia tofauti na kule lilikotoka. Marekani na Uingereza singo ilikuwa bidhaa ya dukani, sahani ndogo yenye bei yake, upande A wimbo unaosukumwa na upande B wimbo wa kuusindikiza. Kwa hiyo kusema "huu usiwe singo" ulikuwa uamuzi wa biashara, maana yake anayeutaka akanunue albamu nzima. Na miaka ya 90 lebo za Marekani zilicheza mchezo huo makusudi kabisa. Mwaka 1996 kundi la Fugees wametoka na "Killing Me Softly", Uingereza ikauzwa kama singo na ikawa singo iliyouza kuliko zote mwaka ule, halafu Marekani kwao wenyewe haikuuzwa kama singo, ukiitaka unanunua albamu, na kwa sababu haikuuzwa haikuingia kabisa kwenye Hot 100 ya jarida la Billboard, chati kubwa ya nyimbo ya Marekani, japo redio zilikuwa zinaipiga asubuhi mpaka usiku. Bendi ya No Doubt na "Don't Speak" ndo balaa zaidi, wiki 16 kileleni mwa chati ya redio za Marekani na kwenye Hot 100 haumo. Billboard walikuja kubadili sheria Desemba 1998, wimbo ukaruhusiwa kuingia kwa kupigwa redioni tu hata kama hauuzwi peke yake. Yani kwa miaka kadhaa nyimbo zilizosikika kuliko zote Marekani kwa mujibu wa chati kubwa hazikuwepo. Sasa mtu akiniambia strimu ndo zimevuruga mpaka kati ya singo na wimbo wa albamu namwambia mpaka huo ulishachezewa zamani sana, na waliouchezea ni wenye mali.

Huku kwetu safari ilikuwa nyingine. Enzi za santuri, bendi zetu nyingi zilitoka kwenye sahani ndogo zilizokuwa zinatengenezwa Nairobi, na kwa sababu nyimbo za dansi zilikuwa ndefu wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili, upande huu sehemu ya kwanza na ukigeuza sehemu ya pili, kule magitaa yanakochemka. Sahani kubwa nyingi zilikuwa ni mkusanyiko wa nyimbo zilizokwisha kuuza. Kwa hiyo sisi tulianza na singo tupu. Ikaja kaseti ikapindua kila kitu, kwa sababu hakuna mtu aliyeuza kaseti yenye wimbo mmoja. Bongo Flava ilipokolea mwanzoni mwa miaka ya 2000 utaratibu ulikuwa msanii anarekodi, anapeleka wimbo redioni bure, ukibamba anaongeza wa pili, halafu msambazaji wa Kariakoo anachukua kaseti nzima. Singo ya Bongo Flava haikuwahi kuwa kitu unachonunua, ilikuwa ni wimbo uliopelekwa redioni, na baadaye wimbo wenye video. Mtu amesikia "Ndio Mzee" ya Professor Jay redioni, anaenda kununua "Machozi, Jasho na Damu" mwaka 2001, anafika nyumbani anakuta ana kanda nzima ya kusikiliza, na nyingine humo ndani hajawahi kuzisikia popote. Alilipia wimbo mmoja akapewa kundi zima la nyimbo ambazo hakuziomba, na baada ya mwezi wimbo anaoupenda kuliko yote mara nyingi sio ule uliompeleka dukani.

Hapa nataka nikae kidogo maana ndo penye siri. Kwa nini nyimbo za ndani zilipendwa vile enzi za kaseti? Watu wanasema wasanii wa zamani walikuwa wakali zaidi, mi sikubaliani, wakali wapo wakati wote. Sababu ni kwamba kuruka wimbo kulikuwa na gharama. Ukitaka kuruka unabonyeza kupeleka mbele, hujui umefika wapi, unasimamisha, umepita, unarudisha, na hapo betri zinaliwa. Kwetu kaka yangu alipiga marufuku kurudisha kanda kwa redio, tulikuwa tunazungusha kwa kalamu ya Bic, na ukishaona tabu ile unaamua tu kuiacha kanda iende. Basi wimbo wa nne ambao mara ya kwanza haukukugusa utausikia mara ya pili, ya tano, ya ishirini, unakunywa chai nao, unafua nao, na siku moja mstari mmoja unakuingia unashtuka kumbe wimbo huu ni mkubwa. Nyimbo za aina hiyo zinahitaji kusikilizwa bila kuchaguliwa. Kaseti ilikulazimisha uzivumilie mpaka uzielewe. Simu inakupa uhuru wa kumaliza mambo ndani ya sekunde kumi, na mtu akipewa uhuru huo anautumia, simlaumu, na mimi nautumia.

Sasa tuje kwenye hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndo inayorudiwa sana: "kama wimbo ungekuwa mzuri ungetolewa singo." Mwenye hoja hii anaamini kwamba lebo inachagua nyimbo bora na zinazobaki ni za kujazia. Mcheki Stevie Wonder mwaka 1976, "Isn't She Lovely", anamwimbia binti yake Aisha aliyezaliwa mwaka mmoja nyuma, mpaka sauti za mtoto zimo humo ndani. Sidhani kama kuna ukumbi wa sherehe Dar au Nairobi ambao haujawahi kuupiga. Lebo yake, Motown, walitaka waitoe singo lakini ina dakika sita na nusu, ilibidi ikatwe, na Stevie aligoma kukata wimbo wa mwanae. Haikutoka. Kilichotokea Uingereza ni kwamba muimbaji mwingine, David Parton, akaurudia akautoa yeye na mwaka 1977 akafika namba 4 kwenye chati. Ubora haukuwa na shida hata kidogo pale, shida ilikuwa dakika. Led Zeppelin nao na "Stairway to Heaven" mwaka 1971, dakika nane, haikuuzwa kama singo Marekani, aliyeutaka akabeba albamu, na albamu ile imepita nakala milioni 20 huko Marekani peke yake. Beatles walipotoa "Abbey Road" mwaka 1969 singo waliyochagua ilikuwa "Something" na "Come Together", "Here Comes the Sun" ya George Harrison ikabaki ndani, haikuwa singo Uingereza wala Marekani, na leo hii ndo wimbo wao unaosikilizwa kuliko yote Spotify, mwaka 2023 ulipita mara bilioni moja. Miaka zaidi ya hamsini baadae wasikilizaji wamepiga kura yao na haifanani na ya lebo.

Ila mfano ninaoupenda mimi ni "Thriller" ya Michael Jackson, kwa sababu pale lebo ilijitahidi kutoa karibu kila kitu. Nyimbo tisa, saba zikawa singo. Zimebaki mbili tu, "Baby Be Mine" na "The Lady in My Life". Na zote mbili zimeandikwa na Rod Temperton, yule yule aliyeandika wimbo wa "Thriller" wenyewe, kwa hiyo huwezi kusema ziliandikwa na mtu wa hovyo. "The Lady in My Life" ndo wa mwisho kwenye albamu, polepole, hauna haraka, Michael anaanza kama anaongea kisha kuelekea mwisho anaachia sauti anaimba kama vile kasahau kuna mtu anarekodi. Umekaa hapo miaka 13. Mwaka 1995 LL Cool J anauchukua anajenga juu yake "Hey Lover" na Boyz II Men wakimsindikiza, ukafika namba 3 Hot 100, ukampa na Grammy. Watu waliocheza "Hey Lover" kwenye disko toto wengi hawakujua wanacheza na wimbo ulioachwa. Sasa niambie, wimbo uliobeba wimbo mwingine mpaka huko ulikuwa wa kujazia? Na kuna mwingine wa Michael huyo huyo, "I Can't Help It" kwenye "Off the Wall" ya 1979, Stevie Wonder alishiriki kuuandika, ukawekwa upande B wa singo ya "Don't Stop 'Til You Get Enough", halafu mwaka 1993 De La Soul wakaujengea "Breakadawn". Upande B ni jirani wa wimbo wa ndani, na hata "Hit 'Em Up" ya 2Pac, ambayo vijana wa mtaani kwetu waliishika yote bila kujua nusu ya kiingereza chake, ilitoka mwaka 1996 kama upande B wa "How Do U Want It".

Upande wa pili kuna hoja nzito na lazima niiheshimu. Wanasema: sawa, zamani lebo zilikosea, ndo maana sasa hivi mambo ni mazuri, msikilizaji amepewa kura, wimbo mzuri utajipandisha wenyewe. Na wana ushahidi. "Essence" ya Wizkid na Tems ilikuwa ndani ya "Made in Lagos" iliyotoka Oktoba 2020, wala sio ndo iliyotangulizwa, watu wakaikamata wenyewe, Aprili 2021 ikapewa video, Agosti akaongezwa Justin Bieber kwenye rimiksi, ikaingia kumi bora ya Hot 100. Taylor Swift na "Cruel Summer" ndo kabisa, upo kwenye albamu ya 2019, mwenyewe alisema mpango wa kuutoa uliharibiwa na korona, mashabiki hawakuuacha, ziara yake ya 2023 ikaupandisha, Juni 2023 ukatangazwa rasmi kuwa singo na Oktoba ukakaa namba moja. Miaka minne. Ni habari nzuri na nafurahi nazo. Ila angalia vizuri kilichotokea katika zote mbili: wimbo ulipopendwa, hatua iliyofuata ilikuwa kuufanya singo, yani video, rimiksi, kupelekwa redioni, kutangazwa. Kama kila wimbo ni singo tayari kwa nini walihangaika? Kura ya wasikilizaji iliuteua wimbo, mashine ya zamani ndo ikaupeleka juu. Halafu hao ni watu wawili wenye wasikilizaji wa kutosha kiasi kwamba hata wimbo wao wa mwisho unasikika na mamilioni. Msanii wa Mbeya au Kisumu anayeweka wimbo wa tisa hana huo umati wa kumteulia.

Na hata zile chati za siku ya kwanza, ambazo ndo chanzo cha kelele yote hii, wenyewe wenye chati hawaziamini sana. Machi 2017 Ed Sheeran alipotoa albamu yake nyimbo zote 16 ziliingia ishirini bora Uingereza kwa mpigo, na miezi michache baadae sheria ikabadilishwa, msanii anahesabiwa nyimbo zake tatu tu zenye namba kubwa. Walielewa kwamba mtu anaepiga albamu nzima siku ya kwanza hajachagua chochote, anaonja. Mi naongeza kwamba kuonja mara moja ndo kitu kibaya zaidi kwa wimbo wa aina ya "The Lady in My Life", kwa sababu mara ya kwanza haukupi kitu, na mara ya pili haipo.

Tuje kwenye pesa, maana wasanii wetu wakisema "mi natoa singo tu, albamu ya nini" wanaongea kwa hesabu. Video nzuri ni hela nyingi, huwezi kuzifanyia video nyimbo kumi na tano, na soko letu limejengwa kwenye video tangu YouTube ilivyokuwa ndo duka letu kuu. Spotify imefika Tanzania na Kenya Februari 2021, na wala haijawa ya kila mtu. Hela ya strimu inahesabiwa kuanzia sekunde ya 30, na tangu 2024 Spotify wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Fikiria sheria hiyo inamkamata nani. Singo za wasanii wadogo zinaweza kuvuka, wimbo wa ndani wa msanii mdogo ndo unaobaki kwenye mia sita, mia tisa, na mia tisa ya mwaka mzima ni watu wa kweli waliokaa wakausikiliza. Kwa hiyo msanii akiandika wimbo ambao anajua hatausukuma, anajua pia huenda hautamlipa hata senti. Hapo siwezi kumlaumu akiacha kuuandika. Ndo maana unaona albamu zetu zinakuwa kama zile sahani kubwa za Nairobi, kabati la singo za zamani. "A Boy from Tandale" ya Diamond ya 2018 ina "Number One" iliyoanza kutamba 2013, ina "Nana" ya 2015, ina "Kidogo" ya 2016. Kibiashara ni sawa, anamuonyesha mgeni safari yake yote kwa mara moja. Lakini kila nafasi inayokaliwa na wimbo tulioujua miaka mitano ni nafasi ambayo wimbo ambao haukupangiwa kwenda popote umeikosa.

Halafu kuna bando, na hili wachambuzi wa nje hawawezi kuliona. Mtu mwenye MB 500 za siku nzima hatapiga albamu yenye lisaa lizima ili akague kama wimbo wa kumi ni mzuri, atapiga ule anaoujua, mara mbili, basi. Kila kuonja kwake kunakatwa kwenye salio. Kinachonipa moyo ni kwamba tuna njia zetu nyingine ambazo chati hazizioni. Pale stendi kuna kijana mwenye kompyuta na kibanda chake, unampa flashi au memori kadi anakuingizia nyimbo, na mara nyingi hakuingizii wimbo mmoja mmoja, anakopi folda nzima ya msanii kwa sababu ndo rahisi kwake. Flashi hiyo inaingia kwenye bajaji, dereva hana muda wa kuchagua akiwa barabarani, anaiacha iende. Yani bajaji imerudisha tabia ya kaseti. Nyimbo kadhaa za ndani ninazozipenda leo nimezisikia hivyo, nimekaa nyuma kwenye foleni, wimbo siujui, namuuliza dereva hiki ni nini na yeye hajui jina, anajua tu ni namba 43. Hakuna pleilisti ya kampuni iliyonipa zawadi kama hiyo. Ila msanii hapati kitu hapo, na hilo linauma, kwa sababu njia inayolea nyimbo zake za ndani ndo njia isiyomlipa.

Kuna watu wanasema mapenzi ya nyimbo zisizotolewa ni kujionyesha tu, mtu anataka aonekane anajua muziki kuliko wengine. Wapo wa hivyo. Lakini dereva wa bajaji hajionyeshi kwa mtu.

Kinachonisumbua zaidi ni aina ya nyimbo zinazopotea. Wimbo ulioandikwa ukijua hautakuwa singo unaandikwa kwa namna yake. Hauna haja ya kukimbilia kiitikio kabla ya sekunde ya 30, hauna haja ya kumfurahisha mtangazaji, unaweza kuwa mrefu, unaweza kumtaja marehemu, unaweza kumsema mkubwa, unaweza kuwa ni mtu anaongea na mama yake tu. Kendrick Lamar mwaka 2012 aliweka "Sing About Me, I'm Dying of Thirst" dakika 12 ndani ya albamu iliyouza sana, haikuwa singo na isingeweza kuwa, na ukimuuliza anayemjua vizuri Kendrick wimbo gani umembeba moyoni uwezekano mkubwa atakutajia huo kabla ya zile za redioni. Nas na "N.Y. State of Mind" ya 1994 hivyo hivyo, singo za "Illmatic" zilikuwa nyingine. Bob Marley "Three Little Birds" ilikaa ndani ya "Exodus" tangu 1977, ikawa singo 1980, leo watoto wa chekechea wanaiimba. Msanii mkubwa anaweza kujipa nafasi hiyo kwa sababu singo zake zinamlipia. Kwa mdogo, albamu ndo ilikuwa inampa nafasi, ile kanuni ya kaseti kwamba lazima ujaze pande mbili. Watu wanacheka neno kujaza, lakini ulazima wa kujaza ndo uliomfanya kijana wa miaka 20 mwenye nyimbo tatu za redio akae chini atafute nyingine saba, na akiishiwa mambo ya kuringa na mapenzi anaanza kusema ya kweli.

Na hapa ndo kwenye ile gharama niliyosema hatujaihesabu. Nyimbo za kaseti zilipoanza kuhamia intaneti zilihamia zile zilizokuwa na video, na zile ambazo redio ziliendelea kuzipiga. Fungua YouTube utafute msanii yeyote wa mwaka 2002 aliyekuwa wa kati, sio wale wakubwa, utakuta nyimbo mbili, tatu. Zile saba hazipo. Kwa wenzetu wimbo ambao haukuwa singo ulibaki kwenye albamu, na albamu ipo, ndo maana "Here Comes the Sun" iliweza kungoja miaka hamsini watu wauchague. Wetu hauna pa kungojea. Msambazaji alifunga duka, studio ilihama, kompyuta iliyokuwa na rekodi halisi ya studio ilikufa, msanii mwenyewe hana nakala. Kanda za iliyokuwa Redio Tanzania angalau zimo kwenye maktaba ya TBC, zina mwenyewe. Hizi za Bongo Flava za upande B ziko kwenye maboksi ya watu, juu ya kabati, chini ya vitanda, zinaota ukungu, na kila familia ikihama nyumba zinatupwa kwa sababu hakuna redio ya kuzipiga. Kwa hiyo mtu anaposema sasa hivi kila wimbo unapatikana, nyimbo zangu mimi hazipatikani, na hazipatikani kwa sababu hiyo hiyo kwamba hazikuwa singo.

Wasanii wa wakati ule wengi wapo hai, wengine bado wanaimba, na kuweka albamu ya zamani kwenye majukwaa haya leo hakuhitaji lebo kubwa, kunahitaji kanda safi na makubaliano ya nani anamiliki nini. Kabla hawajatoa singo nyingine mpya ningewaomba waanze na hapo. Mi nina kaseti ya kaka yangu, kava limeshapotea, upande B wimbo wa tatu jamaa anaimba kuhusu baba yake aliyekuwa mlinzi wa usiku, namna alivyokuwa anamsubiri alfajiri mlangoni. Haukupigwa redioni hata siku moja nijuavyo. Nimeutafuta kila sehemu kwa jina na kwa maneno, haupo. Wiki iliyopita nimempata fundi Kariakoo anaehamisha kaseti kwenda mp3, akaisikiliza akaniambia upande A bado mzuri ila upande B pale kwenye wimbo wa tatu utepe umevutika, sauti inayumba, wameurudisha mara nyingi sana. Nimemwambia ahamishe hivyo hivyo.